Randa ya mashine imefika, sasa yasumbua: dalili, chanzo na pa kuachia

Simu huja karibu kwa maneno yale yale. "Fundi, nimenunua mashine, imefika juzi, mota imekufa." Nikifika, mara nyingi mota ni nzima. Kilichokufa ni ekstensheni, au visu, au tumbo la mashine limejaa maranda ya mwenyewe wa kwanza, yakaloa, yakakauka, yakashikana kama saruji. Randa za mashine zinazouzwa hapa Mombasa nyingi ni za mkono wa pili. Zimetumika ng'ambo, zikapakiwa kontena, zikapigwa na hewa ya bahari njia nzima, zikashuka bandarini Kilindini na kukaa tena uani kwa mtu chini ya turubai. Kukaa huko huziharibu kuliko kazi yenyewe.

Ninayoizungumzia ni ile ya kawaida ya karakana: meza mbili juu za kunyooshea, ngoma ya visu katikati, na chini rola za kuvuta mbao ili kutoa unene. Chini ya kila dalili nimetanguliza chanzo ninachokikuta zaidi. Cha mwisho ndicho nadra. Usirukie cha mwisho kwa kuwa ndicho kinachoonekana cha kitaalamu.

Kabla ya kugusa chochote

Chomoa plagi na uiweke pale unapoiona kwa macho. Kama mashine imeungwa moja kwa moja ukutani, zima swichi kuu, tia kufuli, ufunguo mfukoni mwako, si wa kijana wa kazi. Sukuma kipande cha mbao laini kati ya ngoma na mdomo wa meza ili ngoma isizunguke mkono wako ukiwa karibu. Visu hukata hata umeme ukiwa bado kule Rabai, kwenye kituo chake. Ukivishika visu vyenyewe, vaa glavu nene. Mashine ikizunguka, vua glavu, na kikoi kibaki nyumbani.

Kisha tazama rangi ya plagi iliyokuja nayo. Plagi za duara za viwandani zina lugha yake: manjano ni volti 110, buluu ni umeme wa laini moja wa volti 240 hivi, nyekundu ni fezi tatu. Kwetu ni volti 240 kwa laini moja, 415 kwa fezi tatu, na hezi 50. Uingereza wanatumia plagi ya miguu mitatu kama yetu, kwa hivyo mtu hudhani kila kitokacho huko kinaingia hapa bila swali. Lakini vifaa vya wajenzi wa huko vingi ni vya volti 110 na huendeshwa kwa transfoma. Nimeona mtu aliyekata plagi ya manjano akafunga ya kawaida; moshi ulitoka kabla hajaondoa kidole kwenye swichi. Soma kibati kilicho ubavuni mwa mota. Kama hakisomeki, hapo pa kumwita fundi wa umeme pameshafika, na bado hujaiwasha.

Dalili: Meza ina kutu, mbao haitelezi

Hii ndiyo ya kwanza kwa kila mtu, na ndiyo inayofanywa vibaya kuliko zote.

Chanzo cha kawaida ni chumvi. Watu hukimbilia kumwaga mafuta ya taa na kusugua. Mafuta ya taa huondoa grisi na utomvu, lakini hayayeyushi chumvi. Chumvi hubaki kwenye vitundu vya chuma, unaifunika kwa mafuta, na baada ya wiki mbili kutu inarudi palepale ukidhani ni mashine mbovu. Anza na kitambaa chenye maji matamu kilichokamuliwa, pangusa meza yote mara mbili, kisha ikaushe papo hapo kwa kitambaa kikavu. Nimesema maji matamu. Maji ya visima vyetu vya mjini mengi yana chumvi, na kuyatumia ni kuirudisha ile ile uliyokuwa ukiiondoa.

Ikishakauka, ndipo mafuta ya taa. Paka, subiri dakika kumi, kwangua kwa wembe mpana uliolazwa karibu na meza. Kutu ya juu hutoka kama ukoko wa wali. Iliyobaki isugue kwa msasa namba 240 uliofungwa kwenye kipande cha mbao bapa, umalizie na 400. Usishike msasa kwa vidole vitupu, kwani vidole huchimba mabonde na meza ya randa thamani yake ni unyoofu. Mashine ya kusagia ya mkononi isikaribie kabisa. Madoa meusi yasiyotoka kwa msasa mwepesi yaache: hayazuii kazi.

Chanzo cha pili ni mbao mbichi zilizoachwa juu ya meza usiku. Zenye tanini, ile maji ya kutengenezea ngozi, kama mkoko, huacha alama nyeusi kwa usiku mmoja tu. Cha tatu ni jasho la mikono, na utajua kwa sababu kutu itakuwa na umbo la vidole vyako.

Ukimaliza, paka nta. Nta ya nyuki au ya fanicha, kidogo, isugue mpaka isionekane. Usitumie kitu chochote chenye silikoni, hata kama muuzaji atakuapia. Silikoni huhamia kwenye mbao, na siku ya kupiga vanishi rangi itakataa kushika, itafanya vijicho kama vya samaki, nawe utamlaumu mpiga vanishi. Mafuta ya kupuliza ya kopo yanafaa kulegeza nati, lakini hukauka mapema. Si kinga ya msimu wa masika. Kuanzia Machi hadi Mei mimi hupaka nta kila Jumamosi. Usiku funika mashine kwa shuka kuukuu ya pamba. Turubai la nailoni hufungia unyevu ndani.

Kama mashine ni mpya kabisa na imefika na grisi nzito ya kahawia, hiyo ni kinga ya safarini, si uchafu wa mtu. Itoe kwa mafuta ya taa. Petroli hapana: mvuke wake karibu na swichi na mota ni moto unaosubiri cheche. Rola za mpira zisafishe kwa maji matamu na sabuni tu, kwani petroli na thina huzipasua. Na rangi ya mashine kongwe usiisugue kikavu, huenda ina madini ya risasi.

Maranda ya zamani yatoe kwa brashi na mashine ya kuvuta vumbi, ukiwa na barakoa. Ukipuliza kwa kompresa unayapeleka ndani ya beringi na swichi, halafu unavuta yaliyobaki. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. La mvule, hata bila kufika huko, huwasha pua na ngozi za wengi.

Dalili: Inanguruma, haizunguki

Zima mara moja. Mota inayonguruma bila kuzunguka inajichoma; usimpe mwenzako nafasi ya kusema "ngoja tujaribu tena".

Kwanza, ikiwa imechomolewa, zungusha ngoma kwa kuvuta mkanda kwa mkono. Ikikwama, kuna kipande cha mbao au maranda yaliyoganda, au beringi imeshikwa na kutu. Ikizunguka kwa wepesi, tatizo ni umeme.

Pili, waya. Hapa nina la kujisemea. Miaka ya mwanzo niliitwa Kisauni kwa mashine ya aina hii hii. Nikafungua mota, nikaipeleka kusukwa upya, mwenye mashine akalipa, tukaifunga, ikanguruma vilevile. Ndipo nikatazama ekstensheni: waya mwembamba, karibu mita 30, nusu yake bado umeviringwa kwenye gurudumu lake na una joto la chai. Nililipa nusu ya gharama ya kusuka kwa aibu.

Hesabu yake ni hii. Mota ya kilowati 2.2 ya laini moja hula ampea kama 14 ikiwa kazini, na wakati wa kuanza huvuta mara tano au zaidi. Kwenye waya wa milimita 1.5 wa mita 30, mvuto wa ampea 70 hupoteza volti 50 njiani. Volti 190 zinazofika mwisho haziipi mota nguvu ya kuanzia kwa uwiano wa 190 kwa 240. Nguvu hiyo hushuka kwa mraba, inabaki chini ya thuluthi mbili. Tena ampea 14 tayari zimeipita plagi ya kawaida ya ampea 13. Mashine ya namna hii ipewe waya wake, wa milimita 2.5 au zaidi, mfupi, kutoka kwenye boksi la umeme, na aufunge mwenye leseni. Ukilazimika kwa leo kujaribu kwa ekstensheni, uwe mnene na ufunguliwe wote.

Tatu, kapasita ya kuwashia kwa mota za laini moja. Ikivimba, ikivuja mafuta au ikinuka, imekwisha. Onyo: kapasita huweka umeme hata plagi ikiwa mkononi mwako. Usiguse vituo vyake. Kama hujui kuitoa chaji, hapo simama.

Nne, kwa fezi tatu, fezi moja imekatika. Mota hunguruma, hupata moto na kuungua kwa dakika chache. Hii ni ya fundi wa umeme, haina mjadala. Yeye huyo ndiye wa kuitwa ikiwa ngoma inazunguka kinyume cha mshale, kwani kubadilishana fezi mbili ni kazi ndogo kwake na kaburi kwako.

Dalili: Swichi haishiki, ukiachia kidole inazima

Swichi nyingi za kijani na nyekundu zina koili ya kuishika. Umeme ukikatika huachia, ili ukirudi mashine isijiwashe mkono ukiwa mezani. Isiposhika, angalia kwanza kifuniko au kinga ya mashine: nyingi zina kiswichi kidogo kinachotaka mlango ufungwe vizuri. Kisha vumbi ndani ya swichi. Kisha koili yenyewe. Usikubali fundi "aiunge moja kwa moja". Mombasa umeme hupotea na kurudi bila hodi.

Dalili: Inaangusha sakiti breka

Ikiangusha pale inapowaka tu, huenda breka ni ya taa, haikuwekwa kwa mota. Ikiangusha baada ya muda wa kazi, visu ni butu au unakata nene mno. Ikiangusha papo hapo hata bila mzigo, au ukiigusa mashine inakutekenya, mota imenyonya unyevu au kuna waya umegusa bodi. Usiiwashe tena. Fundi wa umeme atapima koili kwa kipima-kinga, kifaa cha kuona kama umeme unavuja, na ikiwa ni unyevu tu itakaushwa kwa siku mbili tatu. Kuwasha ili "ikauke yenyewe" ndiko kunakoua mota zilizotoka safari salama.

Dalili: Kelele na mtetemo

Mashine iwe imesimama sawa kwanza. Sakafu za karakana zetu ni nusu saruji nusu mchanga. Tia kipande cha mbao chini ya mguu unaoning'inia, sikiliza tena. Nusu ya mitetemo huishia hapo.

Halafu mkanda. Mkanda uliokaa miezi bila kuzunguka hujikunja ukashika umbo la puli, na mashine hugonga kama cherehani mpaka ulainike. Ukiubonyeza katikati kwa kidole gumba ushuke milimita 10 hadi 15. Ikiwa ni miwili, badilisha yote pamoja.

Ndipo beringi. Ondoa mkanda, zungusha ngoma taratibu kwa mkono, sikio karibu. Beringi nzima haisemi kitu. Mbovu husikika kama mtu anatafuna changarawe, na utaihisi kwenye vidole kabla ya sikio. Shika ncha ya ngoma uitikise juu na chini: ikicheza hata kidogo, badilisha zote mbili. Namba imeandikwa ubavuni. 6205, kwa mfano, ina tundu la milimita 25, upana wa nje 52 na unene 15. Dai zenye herufi 2RS, zilizozibwa kwa mpira pande zote, kwa sababu vumbi la mbao halina huruma. Zilizozibwa hazihitaji grisi yako. Kwa bei ya kutupa zipo, na huongea baada ya mwezi.

Kung'oa beringi kwenye ngoma kunataka kifaa cha kuvutia beringi na jiriwa. Ukianza kuzigonga kwa nyundo, umeshapinda shafti. Mpe mwenye karakana ya vyuma.

Dalili: Mbao inatoka na alama

Hapa ndipo seremala anapojua mashine yake, kwa hivyo nitakaa kidogo.

*Mchirizi mmoja ulioinuka, urefu wa mbao wote.* Kisu kimepata pengo. Sababu kubwa ni msumari, hasa kwa wanaonunua mbao za majahazi makuukuu. Hizo nazipenda kwa macho, ila zipitishe sumaku na brashi ya waya kabla ya randa. Ya pili ni mvule wenyewe. Ndani ya mvule huwa na vijiwe vya chokaa, vigumu kama jiwe la kawaida, usivyoviona mpaka kisu kikutane navyo. Tiba ya haraka: legeza kisu kimoja, kisogeze pembeni milimita moja, kaza tena. Mapengo hayatalingana, na kisu cha pili kitafuta alama ya cha kwanza. Tiba ya kweli ni kunoa seti nzima.

*Mawimbi madogo yaliyopangika.* Kisu kimoja kimeinuka kuliko wenzake na kinafanya kazi peke yake. Ngoma ya mizunguko 5,000 kwa dakika yenye visu viwili hukata mara 10,000. Mbao ikipita mita 5 kwa dakika, kila mkato ni nusu milimita, na jicho halioni. Kisu kimoja kikishiriki peke yake, mkato unakuwa milimita nzima na kidole kinahisi matuta.

Kupanga visu usitumie rula ya chuma. Chukua kijiti kilichonyooka, kilaze juu ya meza ya kutokea, ile inayopokea mbao baada ya visu, kikivuka ngoma, tia alama ya penseli kwenye ukingo wa meza. Zungusha ngoma polepole kwa mkono, upande inakozunguka ikiwa kazini. Kisu kitakigusa kijiti na kukibeba mbele kidogo. Tia alama ya pili. Nafasi kati ya alama iwe milimita 3 hivi, na iwe ile ile kushoto na kulia kwa kila kisu. Mara ya kwanza itakuchukua asubuhi nzima. Kaza boliti za kabari zinazobana visu ukianzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo, kisha zirudie zote. Washa dakika mbili ukiwa umesimama kando, zima, chomoa, kaza tena.

*Shimo sentimita chache mwishoni mwa mbao.* Meza ya kutokea iko chini kuliko visu, mbao inadondoka inapoachiwa na meza ya kwanza. Ipandishe unywele kwa unywele. Ukizidisha, mbao itagonga mdomo wa meza au itatoka nyembamba upande mmoja. Kwenye kutoa unene, shimo hilo hilo hutokana na mbao ndefu kuning'inia bila mtu wa kuipokea.

*Kung'oka nyuzi.* Geuza mbao kwanza, huenda unaipeleka kinyume na nyuzi zake. Bado? Punguza unene wa kukata. Bado? Noa.

*Mbao imebonyea katikati kila ukinyoosha.* Meza mbili zimeinama nje, zina mgongo katikati. Ikiwa bado boliti za kurekebisha zipo, inawezekana. Ikiwa meza yenyewe imepinda au imewahi kuangushwa bandarini, hiyo ni ya karakana ya kusagia vyuma, na huenda ni ya kumrudishia aliyekuuzia.

Dalili: Rola hazivuti

Utomvu wa saiprasi kwenye rola na meza ya chini isiyo na nta ndizo sababu mbili za karibu kila mara. Safisha, paka nta, jaribu kwa kukata nusu milimita. Baadaye ndipo uangalie mkanda au cheni ya kuvuta, na mwisho springi za kubana rola. Usiisukume mbao kwa kuingiza mkono. Na usichungulie tunduni mashine ikizunguka. Kipande kikirudi hakiombi radhi.

Mahali pa kusimama

Mbao ikirushwa nyuma hata mara moja, zima. Angalia vidole vya kuzuia mbao kurudi: viwe vinne au ishirini, kila kimoja kianguke chenyewe kwa uzito wake. Vikikwama kwa utomvu, visafishe kabla ya mbao nyingine.

Ukikuta ngoma ya mraba badala ya mviringo, usiitumie kunyooshea kwa mkono hata ukipewa bure. Nafasi yake na meza inameza vidole. Ukikuta ufa kwenye ngoma, kabari iliyoliwa, boliti ambayo haikazi au visu vya uzito tofauti, usiiwashe kujaribu. Kisu kikitoka kwenye ngoma ya mizunguko 5,000 hakuna ukuta wa mabati utakaokizuia. Na kinga ya juu ya ngoma iliyopotea njiani itengenezwe kwanza: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka sehemu hatari za mashine zikingwe, hata karakana ikiwa chini ya mwembe.

Ukipiga simu kwa fundi, mpigie picha kibati cha mota, plagi, na ngoma kifuniko kikiwa wazi. Mwambie ilisimama ikifanya nini. Na kama kuna aliyeshaifungua kabla yake, mwambie pia, hata kama ni wewe.